Nusu ya Ng'ombe Jukwaani

Leo nimeaibika mbele ya ukumbi mzima, tena nikiwa na mkia.

Nawaandikia nyote wa Dodoma kwa mpigo mmoja, kutoka kibanda cha intaneti karibu na stendi ya Moshi. Kompyuta inavuta miguu na jamaa wa kiti cha pili anachungulia. (Chungulia tu kaka, kesho utayasikia kwa kinyozi.) Nataka mnisikie mimi kwanza, kabla habari haijawafikia ikiwa imeongezwa chumvi. Na kwa kweli haihitaji chumvi.

Mnajua kazi yangu huku ni kufungua redio na televisheni za watu. Mnaujua na ugonjwa wangu: nikiona kitu, lazima nijue ndani kuna nini. Basi miezi michache iliyopita niliitwa kutengeneza spika kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko. Si ukumbi wa kujivunia. Bati linavuja, viti nusu ni vya plastiki na nusu ni mabenchi, pazia ni mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja. Kumbi kubwa za maigizo ziko Dar, na hata huko nasikia watu siku hizi wanakimbilia video. Lakini pale nilikuta kikundi kinafanya mazoezi ya mchezo wa kuchekesha, na mwanamke mmoja mfupi amesimama juu ya kreti la soda akiwagombeza. Spika ikapona. Mimi sikuondoka.

Yule wa kwenye kreti ni Dada Aikaeli, mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye mtunzi, ndiye mwongozaji. Nilimganda kwa maswali. Mvua ya jukwaani inatoka wapi? Akanionyesha ungo wenye dengu, ukiuzungusha, inanyesha. Radi? Kipande cha bati. Machozi? Kitunguu ndani ya leso. Ndevu? Katani. Na mbege je, pombe yetu ya ndizi? Hiyo ni uji wa ulezi uliopozwa, kwa sababu walipojaribu mbege halisi mhusika mkuu alisahau maneno yote akaanza kuimba nyimbo za kanisani. Kila jibu lilinizalia swali jingine. Mwishowe Dada Aikaeli akachoka, akasema basi nibaki, niwe mtunza vifaa. Nafikiri alitegemea nikipewa kazi nitanyamaza.

(Niwaambie mapema: katika maswali yote niliyouliza pale, moja sikuliuliza.)

Mchezo wenyewe unaitwa Mkwe Mgumu. Kwenye sherehe, baba wa bibi harusi ananyimwa kipande cha nyama ambacho kwa ukoo wao ni haki yake. Ananuna. Baba wa bwana harusi anakuja kuomba radhi. Analeta mbege, mkwe anainywa yote, halafu anakataa. Analeta mbuzi, mkwe anamla, halafu anakataa. Mwisho anapiga magoti na jani la isale. Mkwe anakataa hata isale, kwa sentensi ambayo mchezo mzima umejengwa juu yake: "Sisamehi, hata mlima uhame!" Kuanzia hapo mambo yanamwendea kombo. Mke anagoma kupika, ng'ombe anagoma kukamuliwa, mpaka mkwe anaishia kupiga magoti yeye mwenyewe.

Isale ninyi hamlijui. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, huku Uchaggani unazunguka kila kihamba, yaani lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Mimi niliyekulia kwenu nilijua ni ua wa mpaka, basi. Nilijua kwamba zamani watu waliomba msamaha kwa hilo jani, kama mnavyojua kwamba zamani watu walivaa ngozi. Hiyo "zamani" ndiyo iliyonimaliza.

Sasa waigizaji wakuu. Mkwe ni Mzee Festo, muomba radhi ni Mzee Anaeli. Wote wa Marangu, kihamba kwa kihamba, wote wastaafu, na walikuwa hawajasalimiana kwa miaka. Sababu ni mfongo, mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani. Kila nyumba ina siku yake ya maji. Mzee Festo anasema mwenzake aliyafungulia siku isiyo yake, migomba ikakauka. Mzee Anaeli anasema siku ilikuwa yake. Mazoezini mmoja alikaa mlangoni, mwingine dirishani. Mzee Festo akitaka kiberiti alinituma mimi: nimwambie huyo bwana ampe kiberiti. Na huyo bwana alikuwa anamsikia vizuri kabisa.

Nilimuuliza Dada Aikaeli kwa nini achague watu wasiosemezana. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kupata waigizaji wazuri kama hao. Maneno makali ya kwenye mchezo wanayatoa moyoni, yeye anawapangia tu pa kusimama.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama mmoja mwenye ukumbi mkubwa Arusha alikuwa anakuja kututazama. Akipenda, mchezo unakwenda kwake. Asipopenda, Dada Aikaeli alikwisha kusema kwamba anarudi kwenye chaki yake na hatasimama tena juu ya kreti. Ametunga michezo tangu usichana wake na hakuna hata mmoja uliowahi kuvuka Mto Kikafu, ulio njiani kwenda Arusha. Jana alikoroga chai isiyo na sukari mpaka ikapoa. Niliona, nikasikia huruma kwelikweli.

Kwa huruma hiyo nikakagua vifaa vyote. Ndevu safi, dengu zipo, bati lipo. Tatizo isale. Isale letu lilikuwa kipande cha boksi kilichopakwa rangi ya kijani, na kwa nyuma bado unasoma "biskuti". Nikajiuliza: tuko Kilimanjaro, masale yamejaa kila ua, kwa nini tumwonyeshe mgeni boksi la biskuti? Hilo ndilo swali nililopaswa kumuuliza mtu. Nikajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe: uvivu.

Leo asubuhi nikapanda Marangu kwa shangazi yangu, dada yake baba. Nilimkuta anamkatia ng'ombe majani. Nikampa shikamoo, nikamwambia nina shida ya isale. Akaweka panga chini, akaniuliza nani kamkosea nani. Niliona ni swali la ajabu, lakini nikalijibu. Kichwani mwangu kulikuwa na mchezo tu, kwa hiyo nikamwambia Mzee Anaeli anamwomba radhi Mzee Festo, leo hii mchana, mjini, ukumbini.

Shangazi alikaa chini. Kisha akainuka akazunguka ua mzima akichagua, mimi nyuma yake nikisema lolote litafaa. Akakata moja refu lisilo na doa, akalifunga fundo, akalishika kwa mikono miwili na kunong'ona sala. Nikasema moyoni, uzee huo. Akaniuliza kama watu wanaruhusiwa kuja kuona. Nikamwambia karibuni sana, njooni wengi. (Nilifurahi, jamani. Nilidhani shangazi anapenda sanaa.)

Nilipokuwa naondoka akaniita nirudi. Akakata isale la pili, akasema kijana mwenye haraka kama mimi hakosi kulihitaji. Nikalitia mfukoni bila kuuliza. Mimi, mdadisi wenu, bila kuuliza.

Mchana ukumbi ukajaa. Mgeni wa Arusha alikaa mbele, mama mtulivu mwenye miwani na mkoba mwekundu. Nyuma yake wakaingia watu wa Marangu, wazee na kina mama, wamevaa nguo za kanisani, shangazi akiwaongoza. Dada Aikaeli akachungulia kwenye pazia na kuniuliza ni akina nani wale. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni wageni wangu.

Hapa lazima niwaeleze mavazi yangu, samahani. Ng'ombe wa onyesho la tatu ni watu wawili. Mbele ni fundi viatu mmoja wa sokoni, nyuma ni mimi. Tulimtengeneza kwa makoti mawili ya manyoya ya mtumba, na bibi wa Ulaya aliyeyavaa kwanza sidhani kama aliwaza mwisho huu. Sehemu yangu ni suruali ya manyoya inayofika kifuani, mkia wa katani, na kiwele. Kiwele ni glavu ya mpira iliyojazwa maziwa, yenye vitundu kwenye vidole, nimeifunga kiunoni. Kwa kuwa onyesho la pili likiisha hakuna muda wa kubadili, nilikuwa nimekwisha kuvaa. Nikawa nagawa vifaa hivyohivyo, mkia unafagia.

Onyesho la kwanza likaenda kama siagi. Mzee Festo akanywa uji wake wa ulezi akilewa vizuri kuliko mlevi. Watu wakacheka, na mgeni wa Arusha akavua miwani akafuta macho. Dada Aikaeli alinibana mkono gizani, nikajua furaha imemjaa.

Likaja onyesho la pili. Mzee Anaeli akanyoosha mkono nimpe isale. Nikampa lile la shangazi. Akalishika. Akalipapasa kwa kidole gumba, akaligusa fundo, akaniangalia usoni kwa muda. Nilitegemea ataniambia nimefanya vizuri. Akaingia nalo jukwaani.

Maneno yake pale ni ya kuchekesha, anajisifia mbuzi aliyemleta. Hakuyasema. Alipiga magoti taratibu, mbao zikalia, akanyoosha isale kwa mikono miwili, akasema, "Festo." Kwenye mchezo hakuna mtu anayeitwa Festo.

Mzee Festo alikuwa amekwisha kuinua fimbo kwa ajili ya sentensi yake. Macho yake yakatua kwenye jani. Fimbo ikashuka. Upande wa Marangu wote wakasimama, taratibu, kama wanavyosimama injili ikisomwa.

Dada Aikaeli, kando yangu nyuma ya pazia, akamnong'oneza, "Kataa, mzee."

"Siwezi," akajibu Mzee Festo, kwa sauti ya kawaida, ukumbi mzima ukasikia. "Ni lenyewe."

"Ni mchezo, mzee wangu."

"Isale halina mchezo, mwalimu."

Ndipo nilipoelewa boksi la biskuti. Huku Uchaggani ukiletewa isale, kosa lolote ulilokosewa unasamehe. Hakuna kukataa. Si zamani, ni leo, saa hii, jukwaani. Hakuna Mchagga ambaye angekubali kulikataa la kweli mbele za watu, hata kwa kuigiza, na Dada Aikaeli alilijua hilo siku alipochukua mkasi na rangi ya kijani. Angeniambia, kama ningeuliza.

Mzee Festo akalipokea. Akamwinua mwenzake kwa mkono. "Nimekusamehe, Anaeli," akasema. "Na lile la maji pia. Jumatano fungulia wewe."

Vigelegele! Shangazi analia, kina mama wanakumbatiana, mzee mmoja amevua kofia anaanza kuomba. Kilikuwa kitu kizuri, nakiri. Lakini mchezo ulikuwa umekufa. Mkwe Mgumu amesamehe katikati ya onyesho la pili, hakuna kilichobaki cha kuigiza. Watu walianza kutafuta mifuko yao. Mgeni wa Arusha aliuweka mkoba mwekundu mapajani, akatazama mlangoni. Nikamgeukia Dada Aikaeli. Alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono imelegea, anatazama sakafu. Sijawahi kuona mtu akipoteza kitu kimyakimya namna ile, na aliyempotezea nilikuwa mimi.

Kichwa changu kikafanya kazi haraka. (Kisingefanya kingenisaidia zaidi.) Nikanyakua isale la boksi nikakimbilia jukwaani. Niliwaza hivi: nawabadilishia majani, wazee wanarudia kidogo kutoka kwenye magoti, mambo yanaendelea. Kwangu mimi ilikuwa kama kubadilisha fyuzi. Kwamba nimevaa makalio ya ng'ombe, sikukumbuka.

Nikafika, nikasema, "Samahani wazee, hilo lirudisheni, tumieni hili." Na nikalishika isale la kweli mkononi mwa Mzee Festo, nivute.

Kicheko kilichokuwa kimeanza kwa ajili ya mkia kikakatika. Shangazi akasimama juu ya benchi. Sijui alipandaje.

"Eliudi! Isale likishapokelewa halirudishwi!"

Wazee wawili wakanigeukia kwa pamoja. Mzee Festo akaniuliza kama nataka kumnyang'anya msamaha mkononi. Mzee Anaeli akamwambia, "Mwulize tena, hakusikia." Mzee Festo akamwambia, "Nitamwuliza." Yaani kwa miaka yote ile hawajasemezana, na jambo la kwanza walilokubaliana ni kwamba mimi ni mjinga.

Nifanye nini? Nikapiga magoti. Kiwele kikanitangulia sakafuni, maziwa kidogo yakaruka. Nikasema nimekosa, wazee wangu, nisameheni. Na mkono wangu, bila kunishirikisha, ukanyoosha kile ulichokuwa umeshika.

Mzee Festo akalipokea lile jani. Akaligeuza upande wa nyuma. Akasogeza macho. Akasoma polepole, kwa sauti ya mzee wa kanisa anayetoa matangazo:

"Bis-ku-ti."

Ukumbi ukapasuka. Watu waliokuwa mlangoni walirudi. Mzee Festo akawangoja, maana yule mzee ni msanii jamani, anajua kungoja. Kicheko kilipoanza kupungua akajikuna ndevu za katani, akaniangalia mimi na mkia wangu, akainua fimbo juu kabisa.

"La boksi? Sisamehi, hata mlima uhame!"

Nyuma ya pazia radi ikapiga. Dada Aikaeli alikuwa amesimama juu ya kreti, analitikisa lile bati kama mwendawazimu. Mchezo umefufuka. Mzee Anaeli akatoka zake pembeni akipunga mkono, na muomba radhi sasa nikawa mimi, bila kuulizwa, bila kujua hata neno moja, nimepiga magoti nikiwa nusu ya mnyama.

Mngedhani aibu imeishia hapo. Mmesahau ng'ombe.

Onyesho la tatu likafika. Fundi viatu, ambaye kichwa cha ng'ombe kilimziba masikio na macho, hakujua lolote lililotokea. Aliposukumwa aliingia na nusu yake, kwa miguu miwili, akalia "moo" kwa bidii. Mke wa Mkwe Mgumu akaleta ndoo. Mzee Festo akamzunguka yule ng'ombe mara moja, akamzunguka tena, akatafuta kiwele, hakuna. Akawageukia watazamaji na kuwaambia kwamba hii si ajabu, nyumba ikikosa msamaha hata ng'ombe hugawanyika. Halafu macho yake yakaniona.

Nilitikisa kichwa. Nilimwomba kwa macho. Niliwaza kukimbia, lakini magoti yalikuwa yamekanyaga mkia.

Wandugu, nilikamuliwa. Mbele ya shangazi yangu, mbele ya Marangu yote, mbele ya watu walioniachia televisheni zao nizitengeneze. Mzee Festo alivuta kigoda, akanitandika kofi la paja nitulie, akakamua. Na maziwa yalitoka, maana glavu niliijaza mwenyewe kwa uaminifu. Mtoto mmoja mbele akauliza kwa sauti kama maziwa hayo yanachemshwa kwanza. Mgeni wa Arusha alikuwa ameinama juu ya mkoba wake, mabega yanatikisika, nikadhani anaumwa.

Haumwi. Mchezo ulipokwisha alikuja nyuma ya pazia, akamshika Dada Aikaeli mikono yote miwili, akasema anauchukua, na anautaka vilevile alivyouona. Dada Aikaeli akajaribu kumweleza. Mama akasema hataki maelezo, anamtaka yule mwenye mkia.

Basi nikamtafuta Dada Aikaeli alipobaki peke yake anakunja pazia. Tangu onyesho la pili hakuwa amenisemesha. Nikalitoa isale la pili la shangazi, nikapiga magoti kwa mara ya mwisho leo. Hakulichukua haraka. Kwanza aliliminya kwa kucha, akalinusa, akageuza nyuma kutafuta maandishi. Ndipo akacheka, na machozi yakamtoka bila kitunguu.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini Arusha utapiga magoti wewe. Festo hawezi tena kumkataa Anaeli."

Na kweli hawezi. Nilipotoka niliwakuta wale wazee kwenye benchi moja nje, na mbege halisi, wanapokezana kata. Nikamuuliza Mzee Anaeli (sikuweza kujizuia) kama pale pembeni alijua jani ni la kweli. Akanywa, akafuta ndevu, akasema alijua tangu lilipomfika mkononi, ila miaka yote alikuwa anaona haya kwenda kulikata mwenyewe. Mzee Festo akasema hata yeye lake lilikuwa limeota karibu na mlango, analitazama tu.

Kwa hiyo hesabu ya leo: wazee wamepatana, Dada Aikaeli anavuka Kikafu, shangazi anaimba mpaka sasa, na mimi nitakamuliwa Arusha mbele ya watu nisiowajua. Muda wangu hapa kibandani unaisha, na jamaa wa pembeni amekwisha kujifuta machozi mara ya pili. Ninyi msicheke. Atakayecheka itabidi aniombe radhi, na la boksi sipokei.